Siku Nilipowaua Wanawake Kumi na Wanne kwenye Ghorofa ya Kumi na Mbili

Nyinyi mnaomwaga saruji asubuhi, ikifika jioni mmeshaingiza kitanda, kaeni kitako kidogo. Mimi ni Zena. Ni bibi yenu, na hata kama si bibi yako wewe unayesoma, leo nitakuwa. Nilisoma chuo cha Kurani tu, juzuu chache, na herufi hizi za kizungu nilijifundisha ukubwani kwa kunakili majina ya maduka. Ukiona mstari umepinda, jua ni mkono uliopinda, akili imenyooka.

Miaka thelathini na ushei nilipiga sakafu. Hapa Lamu mjini, Shela, Pate, mpaka Kizingitini. Nyumba nyingi za mtaa wa Mkomani mnazopita mkizipiga picha, magoti yangu yamebaki mle ndani. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza juzi, "Bibi, kupiga sakafu ni kazi gani? Si mnaichapa tu?" Nikamwambia naam, tunaichapa, kama ninavyotamani kukuchapa wewe sasa hivi.

Basi sikilizeni inavyochapwa, halafu niwaeleze nilivyoua.

Kwanza chokaa. Mawe yachomwe Manda, yazimwe kwa maji, kisha chokaa ilale miezi chini ya magunia mabichi. Ukiwa na haraka ukaitumia changa, itapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Ukishaitandaza pamoja na kokoto, wanawake wanasimama safu moja, kila mtu na kipande chake. Kipande ni kigogo kifupi chenye mpini, chini bapa. Mnapiga, mtu ananyunyiza maji, mnaimba ili mikono ishuke pamoja. Siku tatu. Siku ya kwanza sakafu inasema *pwa, pwa*, kama unapiga tope. Siku ya pili inasema *ta*. Ya tatu, kama Mungu amekuridhia, inasema *ti*, kama kugonga mtungi mkavu. Isiposema *ti* usiondoke, hata kama mwenye nyumba amekwisha kukuletea biriani. Na ile siku ya tatu ukianza huachi. Ukiacha katikati, jua likaipata, inatoka alama mahali ulipoachia, na alama hiyo itakaa hapo mpaka wajukuu zako waione.

La muhimu kuliko yote: tunapiga tukirudi nyuma, ili tusikanyage tulipokwisha kupiga. Kiongozi peke yake anasimama mbele ya safu, juu ya ubao, anaimba na wao wanaitikia. Safu inarudi, inarudi, mpaka visigino vinagusa ukuta. Mtu anapiga kelele, "Ukuta!" Safu inageuka, wimbo unabadilika. Ndivyo walivyofanya mabibi zetu, na mabibi zao.

Shangazi yangu Bi Amina ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Mwanamke mfupi, mkali, sauti yake ilikuwa inafika Manda bila mashua. Kipande chake kilikuwa cha mti wa mbambakofi, cheusi kwa jasho, alikirithi kwa mamake. Kila siku alikuwa akiniambia, "Zena, kiongozi haangalii mikono. Mikono inajua kazi yake. Angalia visigino." Mimi moyoni nasema, visigino vya nini, na ukuta upo? Tangu nimeanza kazi sikumwona mtu akihitaji kuangaliwa visigino. Ukuta ulikuwa unatuangalia.

Sasa Shangazi sauti ilikuwa imeanza kukatika, na kila mtu alijua kile kipande kitakwenda kwa mmoja kati ya wawili: mimi, au Bi Fatuma wa Kizingitini, ambaye alikuwa na kifua kama ngoma na ulimi usiolala. Mimi nilikitaka kile kipande. Sisemi uongo. Nilikitaka kuliko nilivyomtaka mume wangu, na mume wangu nilimtaka sana.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Mistari.

Jina lake halisi lilikuwa refu na la kwao Ulaya, hatukulishika. Tulimwita Bwana Mistari kwa sababu alichukia kitu kilichopinda. Alikuwa mchoraji wa majumba kule Nairobi. Uhuru ulikuwa ungali mpya, kila mwenye nacho anataka ghorofa, na tajiri mmoja alimwagiza amchoree nyumba ya fahari kwenye ghorofa ya kumi na mbili. Tajiri huyo aliwahi kulala Lamu, akapenda sakafu zetu. Akasema, nataka ile ile, huko juu.

Bwana Mistari alikuja na karani wake, Bwana Mwangi, kijana wa bara, mpole, Mkristo wa kuvaa soksi mpaka kwenye mchanga. Bwana Mistari alikuwa na imani moja: mchoro husema uongo, miguu haisemi. Kwa hiyo kabla ya kujenga nyumba kule juu, ataijenga hapa chini, kwa kipimo kile kile, watu waiingie, aone wanavyotembea. Akakodi kiwanja nyuma ya mji, akasimamisha boriti na kuta za makuti. Sisi tumpigie sakafu ya mfano. Ikisema *ti*, atatupeleka Nairobi tukapige ile ya kweli.

Wanangu, mimi nyumba ile niliiona kwa macho yangu, na mpaka leo sijaielewa. Hakuna daka la mlangoni la kukaa wageni. Hakuna kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba. Ukifungua mlango unaona kitanda. Ukikaa jikoni mtu aliye sebuleni anahesabu vitunguu unavyokata. Choo kilikuwa na mlango wa kioo, Bwana Mwangi akatuambia kioo hicho "kitakuwa na ukungu kidogo." Bi Fatuma akamuuliza, "Ukungu wa asubuhi tu, au hata mtu akiwa ndani?"

Shangazi Bi Amina yeye alizunguka nyumba nzima, halafu akamwita Bwana Mwangi.

"Mwanangu, muulize Bwana wako. Mwenye nyumba akifa, jeneza litapita ndia gani?"

Bwana Mwangi akauliza kwa Kiingereza, akajibiwa, akarudi. "Anasema kuna lifti, mama. Chumba kidogo kinachopanda na kushuka."

"Kidogo kiasi gani?"

Bwana Mwangi akapima kwa mikono. Shangazi akamtazama.

"Basi maiti atasimama?"

Wakanong'onezana tena, muda mrefu. Bwana Mistari akatoa kalamu akaandika kitu kwenye mchoro wake. Bwana Mwangi akasema, "Anasema asante. Hilo hakulifikiria."

Lakini la ajabu kuliko yote lilikuwa ukingo. Sebule ilikwenda moja kwa moja mpaka upande wa mashariki na pale ikaisha. Hakuna ukuta, hakuna dirisha, hakuna reli. Tajiri ataka kuona mandhari, na reli, alisema Bwana Mistari, ni tusi kwa macho. Mtu mwenye akili hatembei akaingia hewani. Kule juu itakuwa ni hewa. Pale kwetu ukingo ulikuwa kamba nyeupe iliyolazwa chini, na ng'ambo ya kamba ni mchanga na mbuzi wa jirani.

Na ili ajue kama reli inahitajika au haihitajiki, aliweka sheria. Mtu akivuka kamba ameanguka kutoka ghorofa ya kumi na mbili. Amekufa. Bwana Mwangi atamwandika kwenye daftari, na haruhusiwi kuingia tena mpaka kesho asubuhi, ndipo afutwe.

Mnacheka. Na sisi tulicheka. Siku ya kwanza alikufa mbuzi mara tatu. Akafa muuza kahawa, aliyeingia kwa mlango kama muungwana na kutoka kwa ukingo kama kawaida yake. Bwana Mwangi akamfuata na kalamu: "Mzee, samahani, hapo ni hewa. Umekufa."

"Nimekufa?"

"Ndiyo, mzee. Jina la baba?"

Muuza kahawa akampa jina la babake, akakaa pale pale hewani, akaendelea kuuza.

Bi Fatuma akauliza swali moja siku ile ambalo nalikumbuka. "Bwana Mwangi, hiyo ni ya kumi na mbili. Walio ya kumi na moja, tukiwapigia vipande juu ya vichwa siku tatu, watalala vipi?" Bwana Mwangi akainamia daftari lake. Hakutafsiri. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Siku mbili za kwanza aliongoza Shangazi. Kila safu ikikaribia kamba, yeye mwenyewe anaita, "Ukuta!" hatua moja kabla. Hakufa mpiga sakafu hata mmoja. Bwana Mistari alikuwa akifurahi, anamwonyesha Bwana Mwangi ukurasa wetu mtupu: tazama, anayejua ukingo haanguki, reli ya nini? Na mimi wala sikujiuliza kwa nini Shangazi anaita ukuta mahali pasipo ukuta.

Siku ya tatu asubuhi Shangazi akashuka kwenye ubao, akajipanga kwenye safu na wenzake. "Leo ongoza wewe, Zena. Kesho nitajua nimpe nani."

Alisema mbele ya wote. Bi Fatuma akaninyooshea mkono kama mtu anayekaribisha mgeni. "Haya bibi harusi, panda."

Nikapanda. Nilikuwa na shairi langu nimelitunga nikiosha vyombo, la kumtania Bwana Mistari, nikasema leo watanikoma. Jua limetoka, chokaa imetulia, safu imenyooka, wanawake kumi na wanne. Nikaanza:

*Piga, sakafu inene,*
*Bwana Mistari asikie,*
*nyumba haina ukuta,*
*haya tuiweke wapi?*

Wakacheka, wakaitikia, vipande vikashuka kwa pigo moja. Bwana Mwangi akatafsiri, Bwana Mistari naye akatabasamu. Basi nikavimba! Nikaongeza ubeti wa pili, nikaongeza wa tatu, nikamtazama Bwana Mistari kama ameupenda, nikamtazama Bi Fatuma kama ameumia. Sakafu ilikuwa inasema *ta*, na kwa mbali, kama inafikiria, *ti*. Nilimtazama kila mtu na kila kitu, isipokuwa visigino.

Nikasikia mlio umebadilika. *Pfu. Pfu. Pfu.*

Nikashusha macho. Safu nzima, kumi na wanne, Shangazi katikati, wamevuka kamba hatua tatu. Wanapiga mchanga. Wanaimba *haya tuiweke wapi* kwa nguvu zote, wanarudi nyuma kwa adabu, wakingoja ukuta uwaguse. Mbuzi amesimama anawapisha.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiimba nyumba haina ukuta.

Bwana Mistari alikuwa mweupe, sasa akawa mweupe zaidi. Alitazama kamba, akawatazama wale wanawake, akatazama kamba. Sauti ikamtoka kidogo tu. "Wote?"

"Wote, Bwana," akasema Bwana Mwangi, na kwa uaminifu wake akakaa chini akaanza kuandika majina ya baba zao.

Wanawake wakashika viuno kwa kicheko, wakataka kurudi kazini. Bwana Mistari akanyoosha mkono. Hapana. Sheria ni sheria. Akiruhusu maiti mmoja afufuke, majaribio yote ni bure.

"Mwambie chokaa haijui majaribio!" nikamwambia Bwana Mwangi. "Jua lile! Tukiacha sasa inapasuka! Siku tatu zetu zinapotea!"

"Anasema anasikitika, mama. Maiti hawapigi sakafu."

Nikamgeukia Shangazi. Yeye angemkaripia Mzungu yule akalia. Lakini Shangazi alikwisha kutandika kanga yake mchangani, amekaa, amenyoosha miguu.

"Shangazi, sema naye!"

"Mimi nimekufa," akasema. "Maiti hasemi na mtu. Wewe ndiye uliyetuua, Zena. Tafuta walio hai."

Nikatazama ndani ya nyumba ile. Walio hai tulikuwa watatu. Mimi, Bwana Mwangi na soksi zake, na Bwana Mistari.

Sijui nguvu zile nilizitoa wapi. Nilivusha mkono tu juu ya kamba, nikaomba vipande viwili kwa marehemu, nikampa Bwana Mwangi kimoja. Akavua soksi. Cha pili nikamwekea Bwana Mistari kifuani.

"Mwambie nyumba yake inakufa. Apige."

Nadhani hakuhitaji tafsiri. Akakunja mikono ya shati, akatupa tai yake begani, akaja kusimama kwenye safu, tukaanza upande uliobaki, kutoka mlangoni kurudi kwenye kamba. Na marehemu kumi na wanne kule hewani wakaanza kutupigia makofi na kuimba, ili mikono yetu ishuke pamoja.

Wanangu, nimeona mengi. Sijaona tena Mzungu mrefu kama boriti akipiga sakafu huku wafu wakimsema.

"Bwana, mkono huo ni wa kufukuza nzi!" anapiga kelele Bi Fatuma. "Toa nguvu! Umekula nini asubuhi?"

"Bwana Mwangi, wewe unaipiga au unaibembeleza?"

"Mwacheni Mwangi wangu, anapiga vizuri kuliko mume wako!"

"Mume wangu ni mzima, mimi ndiye maiti. Ameshaoa mwingine sasa hivi!"

Muuza kahawa akaja akawagawia kikombe kila mtu. Sisi walio hai hatukupata. Tulipiga. Tulipiga mpaka malengelenge ya Bwana Mistari yakapasuka, akafunga kiganja kwa tai, akaendelea. Hilo nilimheshimu. Mimi napiga, naongoza, nanyunyiza maji, na safari hii macho yangu hayakutoka chini. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimejaa chokaa. Visigino vya Bwana Mwangi vilikuwa vyekundu, laini kama vya mtoto. Vinarudi. Vinarudi. Adhuhuri ikapita. *Ta. Ta.* Kichwa cha Bwana Mistari kimeinama, ameshaushika wimbo, midomo yake inatembea. Alikuwa hajui tena kama kuna kamba wala dunia. Ndivyo kazi inavyokufanya.

Hatua mbili.

Moja.

"UKUTA!" nikaita, sauti ambayo sikujua ninayo. Wote wawili wakasimama kama wamegongwa.

Bwana Mistari akageuza shingo. Kisigino chake na kamba, katikati yake usingeweza kupitisha kiganja kilicholala. Akaitazama ile kamba. Yeye mwenyewe aliyeilaza. Akatazama ng'ambo yake, kumi na wanne wamekaa na vikombe vya kahawa, wanamtazama. Jasho lake likadondoka kwenye sakafu, tone, tone.

Akasema neno moja kwa Bwana Mwangi, na hilo neno hata sisi tulilielewa kwa uso wake. Bwana Mwangi akafungua daftari akaandika: *Reli.*

Tukageuka, tukapiga mpaka Alasiri. Ikasema *ti*.

Asubuhi yake tulimwaga maji kuijaribu, kama desturi. Walipopiga wanawake maji yalikaa juu kama kwenye sinia. Alipopiga Bwana Mistari yalikaa pia, isipokuwa mahali pamoja, ukubwa wa kikombe, palikunywa polepole. Shangazi akaweka kidole hapo, akamwambia, "Hapa ulikuwa unafikiri." Alipotafsiriwa akakubali kwa kichwa.

Wakafunga mizigo siku ile ile, mashua ilikuwa inangoja. Hatukwenda Nairobi. Baadaye ilifika barua, akatusomea mwalimu wa skuli: reli imewekwa, lifti imeongezwa urefu mpaka maiti alale, lakini sakafu itakuwa ya saruji, kwa kuwa watu wa ghorofa ya kumi na moja wamekataa. Bi Fatuma alitembea na barua ile mji mzima.

Lakini nilikuwa nasema juu ya kipande.

Mashua ilipokwisha kuondoka, tukakumbuka kwamba Bwana Mwangi, kwa haraka zake, hakuwafuta majina. Wanawake wakapiga kelele, wakacheka, ati watabaki maiti Nairobi milele. Shangazi hakucheka. Alinijia pale kwenye sakafu, mimi nimeinamisha kichwa, nangoja anitangaze mbele ya Bi Fatuma kwamba nimeshindwa.

"Uliniua," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Uliniua kwa majivuno."

"Ndiyo."

"Na yule Mzungu ulimwokoa kwa kitu gani?"

Nikafikiri. "Nilikuwa naangalia visigino."

Akanitia kile kipande mkononi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. "Mimi nimeandikwa kitabuni kuwa nimekufa," akasema, "na maiti haongozi. Shika." Bi Fatuma ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mtu akimwomba aongoze sakafu hata moja tu, alikuwa akijibu, "Mimi marehemu. Nendeni kwa Zena."

Makuti yale yaliliwa na mchwa, boriti zikachukuliwa. Sakafu ipo. Watoto wanacheza mpira juu yake na mvua haijaitoboa, isipokuwa pale pa kikombe. Mpira ukitoka upande wa mashariki mimi huwaambia mmekufa nyote, wananiona bibi amerukwa na akili.

Kipande kipo nyuma ya mlango wangu. Siku hizi mnanijia mmoja mmoja, mnataka niwaonyeshe chokaa, kwa sababu wageni wananunua nyumba za zamani na saruji inawapasukia. Vizuri. Nitawapanga safu, nami nitasimama katikati yenu na magoti yangu haya, nitarudi nyuma na wengine. Mmoja wenu atapanda kwenye ubao na kuimba. Sitawaambia ukuta uko wapi. Nangoja mmoja aniue vizuri, halafu ajue la kufanya na walio hai.